Kila Jumatatu naanza yoga upya, na kabla ya Ijumaa imeshanishinda

Assalaam alaykum Bimkubwa. Shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Jambiani, na kazi yangu ni kutandika vyumba katika hoteli moja upande wa Paje. Tangu mwaka jana mgongo unaniuma, hapa chini juu ya kiuno. Zamu ikiwa nzito, nikirudi nyumbani nashindwa hata kuinama kumfunga mtoto viatu. Pale hotelini kuna mwalimu wa yoga anayefundisha wageni, mama wa makamo, na Jumapili jioni wageni wakiwa wachache huturuhusu na sisi wafanyakazi tuingie. Niliingia nikapenda. Usiku ule nililala usingizi ambao sijaupata tangu nimzae huyu wa pili. Nikasema, hii nitaifanya nyumbani kila siku.

Tabu ikaanzia hapo. Nilichukua daftari nikajipangia: kuamka saa 10 alfajiri, saa nzima ya yoga, nusu saa ya kukaa kimya na kutafakari, na jioni nusu saa nyengine. Nikatafuta video kwenye simu. Jumatatu nikafanya yote. Jumanne nikafanya nusu. Jumatano mdogo akaamka na homa. Tangu wakati huo mtindo ni huo huo, Jumatatu naandika mpango mpya kwenye ukurasa mpya, na kabla ya Ijumaa umeshakufa. Zamu zetu nazo hazitulii. Wiki hii naingia saa 1 asubuhi natoka saa 9, wiki ijayo naingia saa 8 mchana natoka saa 4 usiku. Na hizo video zinakula bando mpaka naona uchungu.

Kubwa zaidi ni la nyumbani. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili na ukumbi, tunaishi na mavyaa wangu. Ni mtu mwema, amelima mwani miaka mingi na ndio uliowasomesha wanawe. Siku moja alitoka chumbani akanikuta ukumbini nimekunja miguu, nimefumba macho, mikono nimeiweka juu ya magoti. Akasimama hapo hapo mlangoni akaniuliza, "Unaabudu nini?" Sikuwa na jibu. Sasa anamwambia mume wangu kuwa wazungu wa hoteli wameniletea dini ya Wahindi. Mume wangu mwenyewe hana neno, lakini anasema niache tu nyumba ipoe.

Na huko kukaa kimya kwenyewe, Bimkubwa, sikuwezi. Nikifumba macho naona mashuka, naona ada ya tuisheni ya mkubwa, naona mchele umekwisha. Nikifumbua, hata dakika mbili hazijapita.

Nakuomba unisaidie. Nijipange vipi ili jambo hili lidumu? Je, kweli linaharibu dini yangu? Na kuna mwenzangu anauza mkeka wa yoga alioachiwa na mgeni, anataka shilingi 80,000. Niununue?

Mwenye mgongo, Jambiani

*

Waalaykum salaam mwanangu. Marahaba.

Nianze na mavyaa, kwa sababu hata nikikupa ratiba ya dhahabu, kwenye nyumba yenye kisirani haitafika wiki.

Swali lake ni la haki na ulipokee hivyo. Yoga imezaliwa India, ndani ya dini na falsafa za watu wa huko, na mpaka leo yapo madarasa yanayoanza kwa nyimbo za ibada za Kisanskriti. Kwa hiyo mzee anayekukuta umefumba macho alfajiri na kukuuliza unaabudu nini hajakuonea. Wanavyuoni wa nchi nyengine nao wameliuliza. Malaysia, mwaka 2008, Baraza la Fatwa la taifa liliwakataza Waislamu yoga kwa hoja kwamba inachanganya mazoezi na nyimbo za ibada na kuabudu. Mwaka uliofuata Baraza la Wanavyuoni la Indonesia likapambanua: yenye mantra, yaani maneno ya ibada yanayokaririwa, na ibada ndani yake haifai, ya mazoezi matupu ya mwili haina neno. Saudi Arabia nayo mwaka 2017 iliitambua kuwa ni mchezo, ikaruhusu ifundishwe kama inavyofundishwa michezo mengine.

Mimi si mtoa fatwa. Mchukue mume wako mwende kwa sheikh mnayemwamini hapo hapo Jambiani, na mkifika msimwachie aijibu yoga yote ya dunia. Mwelezeni unachokifanya wewe: nalala chali, nakunja magoti, nainua kiuno, nakaa nahesabu pumzi zangu. Jibu lake mavyaa atalisikia kuliko langu na lako.

Wakati huo huo kuna vitu utavitoa leo. Nyimbo na mantra, toa. Ule mfuatano unaoitwa wa kusalimu jua, toa, mgongo wako hauuhitaji na jina lake peke yake litawasha moto ukumbini. Ule mkao wa kukunja miguu na kuweka mikono juu ya magoti, ulio kwenye kila picha ya yoga, uache pia. Kaa kwenye kiti cha kawaida, nyayo zikanyage sakafu, mikono mapajani, macho wazi yakitazama chini mbele yako. Pumzi hazitaharibika kwa kukaa kitini.

Na hili la mwisho kwangu ndilo kubwa: usifanye mazoezi juu ya msala. Maliza sala yako, maliza uradi wako, inuka, ukunje msala uuweke pahali pake. Kisha tandika kitu chengine, upande mwengine wa ukumbi. Mzee aone kwa macho yake kwamba ibada imekwisha na sasa mkwewe ananyoosha mgongo.

Sasa muulize mgongo wake yeye. Kilimo cha mwani cha biashara kimeanza huko kwenu Paje na Jambiani mwaka 1989, na wanawake wa pwani yenu ndio waliokibeba, wameinama kwenye maji ya magoti wakifunga mbegu kwenye kamba, bamvua baada ya bamvua, yale maji makuu ya kila wiki mbili. Sijamwona, lakini sidhani kama mgongo wake umesalimika. Siku moja jioni, bila hotuba, mtandikie mkeka, alale chali, miguu umpandishie juu ya kiti, magoti yamekunjwa, kanga iliyokunjwa umtilie chini ya kichwa. Muache hapo dakika tano. Kama ana presha, kiti kinatosha, asipandishe miguu ikasimama wima ukutani. Ukifika naye hapo, mazungumzo ya dini ya Wahindi yatakuwa yamepata njia nyengine.

Tuje kwenye daftari lako. Nimejumlisha ulivyojipangia nikapata saa mbili kwa siku. Hoteli inazimudu kwa mgeni aliyekuja kupumzika, aliyefuliwa na kupikiwa. Wewe ndiye unayemfulia. Usijilaumu kwamba huna nia, mtu asiye na nia hafungui ukurasa mpya kila Jumatatu. Mpango ulikuwa mkubwa kuliko siku yako. Na unaijua hadithi ya Bibi Aisha, kwamba amali apendazo zaidi Mwenyezi Mungu ni zile za kudumu hata zikiwa chache. Imesemwa kuhusu ibada, na mazoezi tumeshakubaliana si ibada, lakini adabu ya kudumu na kidogo naomba uichukue kama ilivyo.

Basi nakupa dakika 10 asubuhi na 5 ukirudi kazini. Hizo tu.

Usizifunge kwenye saa ya ukutani, zifunge kwenye jambo ambalo tayari lipo. Zamu yako inabadilika kila wiki, sala ya Alfajiri haijali zamu. Na sisi tuliopo nyuzi 6 tu kusini ya ikweta tuna bahati: jua letu mwaka mzima halipishani hata saa moja kuchomoza, kwa hiyo Alfajiri nayo haikimbii. Zile 10 ni mara tu baada ya kukunja msala. Zile 5 ni mara tu baada ya kuvua sare ya kazi, iwe saa 10 jioni au saa 5 usiku. Kabla hujakaa, kabla hujashika simu, kabla ya kufunua sufuria.

Hapa kuna shimo ambalo wanawake wengi hutumbukia. Kuna siku za mwezi ambazo husali. Huamki Alfajiri, na ratiba uliyoifunga kwenye sala inapotea, kisha unashangaa kwa nini kila mwezi inakatika. Siku hizo ifunge kwenye maji ya chai: ukishayateleka, tandika. Fanya yale ya kulala tu, na yakichemka kabla hujamaliza, umemaliza.

Mume wako naye ana kazi moja. Dakika 10 zile, mtoto akilia ni wake. Hana neno, umesema mwenyewe, basi mpe jambo la kufanya.

Sasa hizo 10 zenyewe, na hapa unisome pole pole kwa sababu ya mgongo. Usianze kwa kuinama kugusa vidole vya miguu, ijapokuwa video nyingi huanza hivyo. Mtu akilala usiku, vile visahani laini vilivyo baina ya pingili za uti wa mgongo hunywa maji vikavimba, na katika saa ya mwanzo baada ya kuamka mgongo unaelemewa zaidi ukiinamishwa. Wenye maumivu ya kiuno ndio hujiumiza hapo. Kwa hiyo lala chali, magoti juu, nyayo chini. Yalaze magoti kulia, yarudishe, yalaze kushoto, taratibu, mabega yasibanduke. Kisha, ukiwa hapo hapo, kaza makalio na uinue kiuno mpaka mapaja na tumbo viwe mstari mmoja, hesabu pumzi tatu, teremka. Rudia mara sita au saba. Huu ndio nitakaokushikilia zaidi kuliko yote, kwa sababu makalio yakiwa na nguvu ndiyo yanayobeba godoro, na yakilegea mzigo unahamia kiunoni. Halafu geuka ulale kifudifudi, viwiko chini ya mabega, nyanyua kifua kidogo kama swila anayechungulia, shingo ndefu, kiuno kisiinuke. Pumzi tano. Ukiwa mjamzito huu uuruke. Malizia kwa miguu minne: viganja na magoti chini, mgongo uupandishe kidogo na uushushe kidogo, ukifuata pumzi. Kidogo, nasema. Pakiuma, simama.

Hapo zimepita dakika saba hivi. Tatu zilizobaki ni za kitini.

Vuta pumzi kwa puani ukihesabu mpaka nne, itoe ukihesabu mpaka sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwa sababu wakati wa kutoa ndipo moyo unapopunguza mwendo, na ukiurefusha unaupa moyo nafasi ya kutulia. Kila pumzi moja ipe namba, ukifika kumi anza tena moja. Mashuka yatakuja. Ada ya tuisheni itakuja. Ukijikuta uko kwenye ada, rudi kwenye moja bila kujigombeza. Ile rudi ndiyo zoezi, na mtu aliyerudi mara ishirini kwa dakika tatu amefanya kazi kuliko aliyesinzia. Kwa yale ya lazima, weka daftari karibu na kabla hujakaa uandike mstari mmoja: "Tuisheni, nizungumze na mwalimu Alhamisi." Likishaandikwa halina haja ya kukupigia kelele.

Video zifute. Mbali na bando, zinakufanya upinde shingo kutazama simu huku umelala kifudifudi, na kesho utaniandikia kuhusu shingo. Chora mikao minne kwenye karatasi, vijitu vya mistari vinatosha, ubandike ndani ya mlango wa kabati. Mikao ni hiyo hiyo kila siku. Najua utaichoka. Lakini ukiijua mpaka usiifikirie, hata siku uliyolala saa 6 usiku mwili utaifanya wenyewe.

Zile 5 za kurudi kazini ni za kulala chali na kupandisha miguu juu ya kiti kama ulivyomfanyia mavyaa, basi. Uso juu, taa zimepungua, pumzi ya nne kwa sita. Ukisinzia, alhamdulillahi.

Mkeka usiununue. Ule mpira unasaidia mikao ya kusimama, miguu isiteleze, na mikao hiyo nimeshakutolea. Tandika mkeka wako wa ukindu, juu yake blangeti nzito. B.K.S. Iyengar wa India, aliyefariki mwaka 2014 na ambaye dunia nzima inamhesabu katika walimu wakubwa wa yoga, alijulikana kwa kuwasomesha watu kwa viti, mikanda na mablangeti yaliyokunjwa. Hizo 80,000 mlipe mwalimu wa tuisheni.

Ramadhani itabadilisha mambo, na ujue mapema. Ukishakula daku tumbo linajaa, na kulala kifudifudi tumbo limejaa ni adhabu. Mwezi ule peleka zile 10 baada ya Tarawehe, au kabla ya Magharibi ufanye yale ya chali peke yake. Ikipita siku hujafanya, imepita. Usiilipe kwa kufanya mara mbili kesho, na usisubiri Jumatatu. Jumatatu haina fadhila yoyote hapa, Alfajiri inayofuata ndiyo yako. Na usiongeze hata dakika moja mpaka bamvua nne zipite. Mavyaa atakuhesabia, hakosei.

Kuhusu kazi yako nina neno la kusema, maana dakika 15 za nyumbani hazitashinda saa nane za kuinama vibaya. Ukichomeka shuka kwenye kona ya godoro usisimame ukainama kwa kiuno. Piga goti moja chini kando ya kitanda, chomeka, inuka, zunguka. Godoro kubwa msilinyanyue peke yenu, mwiteni mwenzenu hata kama supavaiza ananuna. Toroli la mashuka lisukume, usilivute kwa mkono mmoja huku umejipinda. Na kama mgongo utaanza kukushusha maumivu mguuni chini ya goti, au mguu ukafa ganzi au kulegea, nenda hospitali usiahirishe. Ukihisi ganzi sehemu za siri au ukashindwa kuumiliki mkojo, ni siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Hata bila ya hayo, mwombe daktari akuandikie uonane na mtu wa fiziotherapia, ana mengi ya kukupa ambayo mimi sikuyaona kwa barua.

Darasa la Jumapili endelea nalo ukipata nafasi. Mwambie yule mwalimu mapema kwamba nyimbo huziimbi, atakuelewa. Na usimwombe mkao mpya. Mchukue kwenye chumba kimoja kilicho wazi, tandika kitanda mbele yake kama unavyotandika kila siku, umwombe akutazame mgongo.